Hasara za Kuchemsha

Jumatatu, 2 Desemba 2024

Nimekuwa mwalimu wa mapishi. Sijui kupika.

Naandika ili angalau daftari moja lijue ukweli. Jana baada ya Misa, Mama Dafroza, mwenyekiti wa kina mama wa kigango chetu hapa Kamuli, alitangaza darasa la mapishi ya msingi kwa wanaoanza. Wiki mbili. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Mwalimu aliyetegemewa ameenda kujifungulia kwao, akasema, je, yupo mwingine? Ndipo mama yangu mzazi, Anonciata, mwanamke ninayempenda, akasimama na kuwaambia watu kwamba Adelard wake amekuwa kiranja wa chakula miaka miwili huko bwenini.

Ni kweli. Kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni mwa bwalo na kukamata wanaopanga foleni mara ya pili. Jikoni kwenyewe niliingia siku moja tu, kuomba kiberiti cha mwalimu wa kemia.

Watu wote wakageuka. Nilitaka kusema hapana. Nikafungua mdomo. Ikatoka sauti kama ya mbuzi mwenye mafua. Wakaichukua kuwa ndiyo. Makofi!

Hivi ndivyo ninavyoishi. Sijawahi kusema uongo mkubwa. Huwa nashindwa tu kuuzuia ukipita.

Mpango: nitafundisha nadharia peke yake. Nadharia haina moto. Nimekaa mchana kutwa naandaa somo. Niliandika kwa Kiingereza kwanza, kama tulivyozoea kidato cha nne, ikaonekana kazi nzito ya kurasa tatu. Nikaigeuza Kiswahili ili waelewe. Ikabaki: chemsha maji.

Nimechoka na bado hatujaanza.

Jumanne, 3 Desemba

Nilitegemea asije mtu. Wamekuja watatu.

Wa kwanza Novath, dereva wa bodaboda, anaoa Januari. Wakwe wamesikia kwamba anakula chapati za kibandani asubuhi, mchana na jioni, wakatia shaka. Wa pili Margreth, mke mpya, ametokea Shinyanga. Kwao ni ugali. Hapa kila siku ndizi, na mama mkwe wake, Mama Costansia wa Isingiro, hurudisha sahani bila kusema neno. Wa tatu Mzee Kamugisha. Huyu ni mfugaji, anakaa kule juu kwenye malisho, mwendo wa saa nzima na zaidi kwa miguu. Alikuja na fimbo na kofia, akakaa karibu na mlango kama anayechunga wasitoroke.

Nikawapa shikamoo wote, hata Novath. Akaitikia marahaba kwa furaha mbaya.

Nikaandika ubaoni: Maana ya kupika. Aina sita za kupika. Umuhimu wa kuchemsha. Hasara za kuchemsha. Kuandika kuna uzuri wake, unawapa watu mgongo. Novath akauliza kama haya yatatoka kwenye mtihani au tutakula. Margreth alikuwa ananakili kila kitu, masikini, mpaka tarehe.

Mzee Kamugisha akainua fimbo. Akasema anaomba msamaha kukatiza, ila yeye ana jambo moja. Mkewe, Mama Tukahirwa, alifariki mwezi wa sita. Tangu hapo anaishi kwa maziwa na chakula cha majirani. Kijana wake Tukahirwa yuko Mwanza, na amesema mzee asiyeweza kujipikia hawezi kuachwa peke yake. Atakuja Jumapili ya tarehe 15, saa saba mchana. Akikuta sufuria tupu, anaondoka na baba yake, na ng'ombe wanagawiwa ndugu. Kwa hiyo, akasema, hizo aina sita ni nzuri, Mungu akubariki, lakini yeye anataka moja tu. Ndizi na maharage, kama alivyopika marehemu. Yeye ndizi alikuwa anaiona ikishafika mezani.

Darasa lote likaniangalia. Nikasema kwa sauti ya kiualimu kwamba tutalifikia.

Nimerudi kupitia kwenye mibuni nisikutane na mtu. Shati lote limelowa.

Jumatano, 4 Desemba

Nadharia imekufa. Nimeenda kwa Nikuze.

Nikuze ni mdogo wangu. Ana miaka kumi na minne, anapikia nyumba nzima, na ana roho ya afisa wa mpakani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akataja masharti: maji yake nichote mimi, madumu mawili kila siku, saa kumi na moja jioni, saa ambayo rafiki zake wote wako kisimani. Kichwani, akaongeza. Siyo kwa baiskeli.

Nikakubali.

Somo la kwanza, kumenya ndizi mbichi. Akasema nipake mafuta mikononi kwanza, utomvu usishike. Nikamwambia mwanamume hapaki mafuta. Akasema haya. Haikumchukua muda kusema haya. Ningepaswa kushtuka.

Kufikia ndizi ya kumi mikono ilikuwa kama ya muuza mkaa. Sabuni haitoi. Majivu hayatoi. Jioni kisimani wasichana saba waliniangalia nikijitwisha dumu kwa mikono myeusi, na mmoja akamuuliza mwenzake kama hospitali wana habari.

Alhamisi, 5 Desemba

Ajabu! Mama Dafroza alipita darasani kutusalimia. Akanishika mkono, akaugeuza, akautazama ule utomvu mweusi kwenye kucha. Akasema mbele ya wote: huyu kijana ni mpishi, mikono haidanganyi.

Sioshi tena.

Na nimegundua mbinu. Kwa kuwa mimi mwenyewe nimemenya jana tu, niliwaambia waonyeshe kwanza, mimi nitasahihisha. Novath akaanza kumenya ndizi mbichi kwa kuivuta kutoka kwenye kikonyo kama ndizi mbivu. Margreth akakata maganda manene hivi, ndizi ikabaki kama kalamu. Mzee Kamugisha akatoa kisu chake mwenyewe, kile cha ufugaji, chembamba. Alichukua robo saa kwa ndizi moja. Alikuwa anazungumza nayo polepole. Nadhani alikuwa anaiambia itulie.

Mimi nikapita katikati yao nikisema mmh. Mmh fupi, umekosea. Mmh ndefu, endelea. Hawakujua kwamba nilikuwa nimekosa la kusema. Margreth akamnong'oneza Novath kwamba walimu wakimya ndio wanaojua. Miaka yote nimegombezwa kwa kutosema, leo nimesifiwa. Karibu nilie.

Novath akauliza ninapaka nini mikononi utomvu usiume. Nikasema mafuta. Akauliza nimejifunza wapi. Nikasema ni mtindo wangu.

Neno hilo limenitoka tu. Halikuomba ruhusa.

Ijumaa, 6 Desemba

Maji. Madumu mawili. Shingo imeingia mabegani.

Jumamosi, 7 Desemba

Maharage.

Nikuze alisema niyaloweke toka jana. Nilikuwa nimelala na shingo yangu. Alisema pia chumvi iwekwe mwisho. Hilo nililikumbuka vizuri, ila kinyume.

Tuliinjika saa tatu asubuhi. Saa tano, kokoto. Saa saba, kokoto za moto. Novath alikwenda Isingiro na abiria, akarudi, akaonja, akaenda tena na abiria mwingine. Kila akirudi alikuwa anauliza mgonjwa anaendeleaje. Nikawafundisha umuhimu wa subira katika mapishi. Pointi nne. Margreth akazinakili.

Mzee Kamugisha hakuondoka motoni. Alikaa kwenye kigoda, anasogeza kuni. Alianza kusimulia bila kuulizwa. Alisema Mama Tukahirwa alipomaliza kupika alikuwa anagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. Mara mbili, ko, ko. Yeye akiwa hata mbali kwenye malisho, upepo ukiwa upande wake, alikuwa anasikia na kurudi. Tukahirwa alipokuwa mdogo, vilevile. Ukigonga, anatokea, hata kama amenuna.

Kisha akaniuliza kama, kwa maoni yangu, tarehe 15 atakuwa ameweza.

Nikasema mmh ndefu.

Saa nane tuliyala hivyo hivyo. Novath anadai jino limetikisika.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Nimebeba maji.

Jumanne, 10 Desemba

Balaa. Novath alimbeba Nikuze kutoka gulioni na njiani akamsifia mtindo wa kaka yake wa kupaka mafuta mikononi. Mtindo wa nani? Wa Bwana Mwalimu, Novath akasema, ameubuni mwenyewe.

Nikuze hakupiga kelele. Alinikaribisha chakula, akaweka sahani mbele yangu, akasema hii nimeipika kwa mtindo wako. Sahani ilikuwa tupu. Mama akauliza kuna nini. Sote tukasema hakuna.

Mkataba umevunjika. Hafundishi tena. Nikamwambia basi na maji sichoti. Akasema vizuri, atamweleza Mama ni kwa nini nilikuwa nachota. Kwa hiyo nachota, na sifundishwi. Sijui nilipitia mlango gani kufika hapa.

Darasani leo niliwarudisha kwenye kumenya. Nilisema ni marudio muhimu. Mzee Kamugisha amemenya ndizi tano kwa muda ambao Alhamisi alimenya moja. Maganda yake membamba hivi, ungeweza kusoma gazeti ukiyaweka juu yake. Nikajisikia vibaya na sikujua sababu. Kumbe amekuwa ananizidi.

Alhamisi, 12 Desemba

Mama Dafroza ametangaza: Jumamosi, siku ya kufunga darasa, kina mama wote wa kigango watakuja kuonja. Mama Costansia naye anatoka Isingiro. Margreth aliposikia jina hilo aliangusha chumvi yote.

Akauliza nani ataleta ndizi. Kabla sijafikiri, ile sauti ya mbuzi ikanitoka. Makofi.

Ndizi za nyumbani Nikuze ndiye huchagua mkungu, ndiye hukata. Sitamwomba. Nina macho yangu. Nina miaka kumi na saba, nimesoma baiolojia.

Ijumaa, 13 Desemba

Mambo yamenyooka, hatimaye!

Nimeingia shambani peke yangu na panga. Karibu na nyumba mikungu ilikuwa bado myembamba. Nikaenda mpaka pembeni kabisa, upande wa babu, ambako sijakanyaga tangu nianze kidato cha kwanza. Huko nikakuta mkungu mmoja mnene, umejaa, unang'aa, ndizi zimejipanga kama askari kwenye gwaride. Hakuna aliyeugusa. Nikashangaa watu wa nyumba hii wanapita wapi. Wengine hawana jicho.

Nimeubeba mwenyewe. Shingo imezoea, faida pekee ya madumu. Nikuze alikuwa anapepeta maharage uani. Aliutazama mkungu. Akanitazama mimi. Akafungua mdomo, kisha akaufunga, akaendelea kupepeta huku akiimba wimbo wa kanisani.

Wivu. Ninaujua nikiuona.

Jumamosi, 14 Desemba

Siwezi kuandika. Naandika.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Tulimenya wote wanne. Novath alikuwa anatabasamu peke yake, nikadhani ni mambo ya uchumba. Mzee Kamugisha alimenya kwa kasi, bila kuzungumza na ndizi. Saa sita akasema lazima arudi kwa ndama, na nikampa chane tatu za mkungu uleule aende nazo kwa ajili ya kesho. Zawadi ya mwalimu, nikamwambia. Alizipokea kwa mikono miwili. Akazifunga kwenye shuka, akaondoka.

Tukapanga ndizi kwenye sufuria, tukafunika kwa majani ya mgomba kama inavyotakiwa. Mvuke ukatoka. Rangi ikawa nzuri. Kina mama kumi na wawili wamekaa kwenye mabenchi, vitenge vipya. Mama Costansia katikati kama hakimu.

Akapewa sahani ya kwanza. Akatia mdomoni. Akaacha kutafuna. Macho yakafumba. Nikadhani anasali. Kisha akauliza, kwa upole wa kutisha, kama glasi ziko njiani, maana anavyojua yeye hii ilikuwa ipelekwe kukamuliwa.

Ndizi za pombe! Nimewapikia kina mama wa kigango ndizi za lubisi. Chungu, kakasi, ulimi unakunjamana kama ngozi kavu. Babu aliipanda migomba hii kule pembeni kwa ajili ya pombe yake, na kila mtoto wa wilaya hii anayetembea kwa miguu miwili anajua mgomba wa pombe kwa kuutazama tu. Kila mtoto, isipokuwa aliyesoma bweni.

Mabenchi yakalia kwa vicheko. Mmoja akasema tusubiri siku tatu nne zichachuke tuanze sherehe. Mwingine akasema kiranja wa chakula wa shule gani hiyo, hao watoto walihitimu wakiwa hai? Nikamuuliza Novath kama hakuona. Akasema aliona toka ndizi ya kwanza, ila mwanafunzi anamsahihishaje mwalimu? Alidhani ni mtindo wangu.

Mtu mmoja tu amefaidika. Mama Costansia alimgeukia Margreth, akamwambia kumbe kosa halikuwa lako, binti yangu, ni hawa walimu. Binti yangu! Margreth alilia kwa furaha. Mimi nililia vilevile, nikiwa nyuma ya kanisa, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka zile chane tatu.

Mzee hakuonja. Hajui. Kesho saa saba Tukahirwa anawekewa sahani ya kakasi, na baba yake anapanda basi la Mwanza.

Jumapili, 15 Desemba

Nimeamka na mpango. Kumwambia ukweli kungehitaji sentensi, kwa hiyo niliamua kubadilisha ndizi kwa siri. Mzee Kamugisha hakosi Misa ya kwanza. Yeye akiwa kanisani, mimi naingia jikoni kwake, natoa mbaya, naweka nzuri, natoweka. Hakuna anayejua kitu. Heshima inabaki.

Ila nilihitaji ndizi nzuri. Nikuze alinisubiri uani na panga tayari, kana kwamba ameagizwa. Bei: maji mpaka Pasaka. Pasaka! Nikakubali. Akanikatia mkungu, akanitwisha kichwani yeye mwenyewe, akauweka sawa. Akasema yule mzee aliwahi kumpa maziwa njiani, la sivyo angesema mpaka Krismasi ya mwakani.

Mlima wote ule. Jua. Shingo sina tena, nina kitu kingine hapo.

Nikafika. Nyumba kimya. Nikapita nyuma ya zizi, nikainama, mkungu kifuani. Ndama mmoja akaanza kunifuata. Nikamfukuza kwa kunong'ona. Akadhani nambembeleza. Akaita mama yake. Mama yake akaja. Wakanizingira ng'ombe watano wenye pembe ndefu, nimekumbatia mkungu wa ndizi, na ndipo nikasikia mtu anauliza nyuma yangu kama mwalimu amekuja kusahihisha.

Hakwenda Misa. Alikuwa amefunga kitambaa kiunoni. Jikoni kwake moshi ulikuwa unatoka.

Nikamwamkia. Akaitikia. Akaniangalia mimi, akauangalia mkungu. Nikafungua mdomo. Mbuzi akaja. Nikaufunga. Nikafungua tena. Nikasema: mzee, zile ndizi nilizokupa ni za pombe, na mimi sijui kupika, sijawahi kupika, nilikuwa nakamata watu mlangoni.

Sijui nimetoa wapi maneno yote hayo.

Akasema anajua. Kuhusu ndizi, alichemsha moja alfajiri akaonja, akatema, na mpaka sasa ulimi umelala. Kuhusu mimi, alijua tangu siku ya kwanza nilipoandika ubaoni hasara za kuchemsha. Anayepika, akasema, hana nafasi ya kufikiria hasara.

Nikamuuliza basi kwa nini aliendelea kuja. Akasema nyumbani kuna moto, lakini hakuna wa kukaa naye motoni. Pale darasani tulikuwa wanne.

Kisha akauliza kama nitasimama hapo na ng'ombe au tutamenya.

Alikuwa ameamua kuweka maharage peke yake na kuomba Mungu. Maharage aliyaloweka toka jana jioni. Chumvi hakuwa ametia. Nikamwuliza nani kamwambia. Akasema hakuna, ila aliona nilivyofanya Jumamosi ile, akafanya kinyume.

Tukamenya. Yeye nane, mimi moja. Akanipa kazi ya kupuliza moto, nikapuliza mpaka macho yakavimba. Akamimina samli kutoka kwenye kibuyu kidogo, akasema ni cha marehemu, hajakigusa tangu msiba. Akafunika kwa majani. Kila kitu alifanya mwenyewe. Mimi nilisema mmh mara moja tu, kwa mazoea, akanikata jicho.

Tukahirwa alifika kabla ya saa saba. Mtu mrefu, viatu vya mjini. Hakuingia ndani. Alisimama kule zizini ametupa mgongo, mikono mfukoni, anahesabu ng'ombe kwa kidole kama mtu aliyekwisha kuamua. Mzee alimwona kupitia mlangoni. Akafunua sufuria.

Kisha akagonga mwiko kwenye ukingo. Ko, ko.

Nilikuwa namwangalia Tukahirwa. Kidole kilisimama hewani. Akageuka haraka, kama mtoto, akapiga hatua tatu nne kuja jikoni kabla hajakumbuka. Akasimama mlangoni. Akamwona baba yake na kitambaa kiunoni na mwiko mkononi. Akavua kofia. Akaingia, akakaa motoni.

Amekula sahani tatu. Habari ya Mwanza haikutajwa. Alipomaliza aliuliza kama Pasaka anaweza kuwaleta watoto, waonje. Mzee akasema watakuta sufuria kubwa zaidi. Maharage yalikuwa laini. Ndizi zilikuwa ndizi. Nami nilipewa sahani, na ninaapa sijawahi kula kitu kama kile bwenini, nyumbani wala popote.

Halafu Tukahirwa akauliza nani alimfundisha baba. Mzee akaninyooshea kidole. Huyu hapa, mwalimu wangu. Akasema bila kutabasamu, mzee yule! Tukahirwa akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akautazama utomvu kwenye kucha, akatikisa kichwa kwa heshima.

Nilitaka kusema kweli. Leo nilishaisema mara moja, nilijua njia. Nikafungua mdomo.

Mbuzi.

Wakasema nina unyenyekevu.

Nimeteremka mlima nikiwa mtu mpya. Nimejifunza. Kuanzia leo nikiulizwa jambo nisilolijua nitasema wazi, kwa sauti, kwamba silijui. Naliandika hapa na kulipigia mstari.

Jumanne, 17 Desemba

Mama Dafroza amekuja nyumbani. Nilijificha chooni, Mama akanitoa.

Hakuja kugomba. Tukahirwa alipita kigangoni jana kabla ya kupanda basi, akasimulia mbele ya kina mama wote. Wamesamehe. Mama Costansia amesema huenda ile ya Jumamosi ilikuwa mtihani wa kuona nani anajua ndizi. Wote wakakubali kwamba ulikuwa mtihani, na kwamba wao wamefaulu.

Sasa Novath anaoa tarehe 11 Januari. Wanataka keki. Ghorofa tatu, na ile sukari nyeupe ya juu yenye maua. Mama Dafroza akasema amewahakikishia watu kwamba mtu anayeweza kumpikisha mfugaji mwenye miaka sabini hashindwi na keki. Akaniuliza, je, keki najua?

Nikuze alikuwa nyuma yake na ndoo mbili tupu. Alikuwa ananiangalia kwa hamu.

Nilikumbuka nilichopigia mstari. Nikavuta pumzi. Nikafungua mdomo.

Makofi.

Maji sasa ni mpaka Kipaimara. Mikono bado sijaosha. Nimechukua daftari jipya, nimeandika tarehe juu, na kwa kweli somo limeanza vizuri: Maana ya keki. Aina za keki. Umuhimu wa keki. Hasara.